Safari ya picha za mandhari Pemba: panga maji kwanza, barabara baadaye

Kila msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukikaribia, wapiga picha wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar huuliza maswali yale yale. Siku ngapi zinatosha Pemba? Nikodi gari au pikipiki? Nianzie mji gani? Na wapo wanaouliza baada ya kurudi kwao: mbona wengine wana picha za mchanga mweupe ulioenea mpaka upeo wa macho, na mimi nilipofika pwani ile ile nikakuta maji matupu?

Swali hilo la mwisho ndilo linalojibu mengine yote. Visiwani kwetu pwani moja ina sura mbili au tatu kwa siku, na bahari ndiyo inayopanga saa. Anayechora njia kwenye ramani kwanza na kuyaacha maji kwa bahati atazunguka kisiwa kizima na kufika kila mahali kwa saa isiyofaa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufika. Nimeuelekeza Pemba kwa sababu Unguja inajulikana zaidi, ingawa nitaigusa mbele kwa wale wanaopitia huko.

## Uwe na haya kabla ya kuondoka

- Kalenda ya mwezi wa Kiislamu na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la mwezi unaokusudia kuja. Programu za simu zipo. Chagua bandari ya Zanzibar, au ya Pemba ikiwa imeorodheshwa.
- Ramani ya Pemba iliyopakuliwa ndani ya simu, maana mtandao hupotea kwenye mabonde na rasi za kaskazini.
- Laini ya simu ya Tanzania na pesa taslimu. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina matawi Pemba, lakini vijijini kadi haitakusaidia.
- Kwa asiye Mtanzania: bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), inayotakiwa tangu Oktoba 2024. Angalia mapema kiwango kinachokuhusu.
- Stendi ya kamera unayoweza kuifungua miguu na kuiosha. Mchanga ukiingia kwenye viungo vyake bila kuoshwa, haitachukua muda kuharibika.
- Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao wa maji. Kama nafasi ya mkoba ni ya filta moja tu, iwe hiyo.
- Vitambaa vingi vya kufutia lenzi, mfuko usiopitisha maji, na chupa ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya kuoshea vifaa.
- Viatu vilivyofunga mguu vya kutembelea majini. Kandambili hubaki kwenye tope la mikoko, tena haizuii miiba ya baharini.
- Betri za ziada. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na kila unapokatika utafurahi ulichaji jana.
- Nguo za kujisitiri, kwa wanaume na wanawake. Nje ya hoteli hutakuwa pwani ya watalii, utakuwa pwani ya watu.

Droni iombee kibali mapema kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na vyombo vingine vinavyohusika. Kama huna kibali mkononi, iache nyumbani. Wapo wanaoifunga ndani ya nguo wakitumaini haitaonekana, kisha safari yao inaishia kwenye maelezo kituoni.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Masika, Machi hadi Mei, iepuke kama ni mara yako ya kwanza. Njia za udongo huteleza na mbingu inaweza kufunga siku nzima.

Juni hadi Agosti hewa imeoshwa na mvua, kisiwa ni kijani kibichi, na joto ni la kipupwe. Kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo pwani zinazotazama mashariki na kusini huchafuka, na chumvi hurushwa hadi kwenye lenzi. Kuanzia Julai kuelekea mwisho wa mwaka, mikarafuu ikiwa imezaa, utaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, mbichi za kijani upande huu na zilizokauka za kahawia upande ule. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, basi usiijenge safari nzima juu yake.

Vuli, Oktoba mwishoni hadi Disemba, ina mawingu makubwa yenye sura. Mwenye subira hupata hapo picha kuliko wakati wowote. Januari na Februari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini: joto kali, na mawimbi huhamia upande wa kaskazini.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa mwezi wa mbinguni

Hapa usikimbie.

Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Wengi huishia hapo. Wasilolijua ni kwamba saa za bamvua kwetu hazihamihami: maji ya bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo ukija mwezi mpevu ukitaraji kupiga mchanga mtupu wakati jua linazama, hutaupata. Saa 12 jioni maji bado ni mengi, ndiyo kwanza yanaondoka.

Wavuvi wetu huhesabu haya yote kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, nawe fanya vivyo hivyo:

- Tarehe 10–11 na 25–26: maji yamepwa karibu na macheo, na tena karibu na machweo. Utapata mchanga wenye mistari, vidimbwi vinavyoakisi mbingu, na watu wanaokwenda kuchokoa pweza. Kwa mpiga picha wa mandhari sizioni siku bora kuliko hizi.
- Tarehe 14–16, na 29 hadi 1: bamvua. Maji yako mbali kabisa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Ni wakati wa mafungu ya mchanga, miamba iliyofichuka na mashamba ya mwani. Jua limeshapanda, na hapo ndipo polaraiza inapolipa gharama yake.
- Tarehe 17–18 na 2–3: maji yamejaa karibu na macheo na machweo. Ngalawa zinaelea, mikoko imezama mpaka kwenye matawi, mawimbi yanagonga miamba.
- Tarehe 7–8 na 22–23: maji mafu. Pwani haina jipya kubwa, basi nenda shamba: misitu, vilima, mikarafuu, magofu.

Saa hizi ni za kukadiria. Ukishachagua tarehe, zilinganishe na jedwali siku kwa siku.

Mwenye siku kumi aje tarehe 9 aondoke tarehe 18, atakuwa ameona sura zote tatu za pwani. Mwenye siku tano aje tarehe 9 au 24. Kwa upande wa maji, nusu mbili za mwezi hulingana. Tofauti yake ni usiku. Anayetaka nyota achague nusu ya 24 hadi 3, kukiwa na giza. Anayetaka mwezi ukichomoza juu ya bahari wakati wa magharibi aje aukute mwezi mpevu, akae pwani ya mashariki.

Jua halina shida. Mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12:35 asubuhi na kuzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni. Lakini utusitusi wetu ni mfupi, dakika 20 hivi, kisha giza. Anayezoea picha za nchi za kaskazini, ambako rangi hukaa mbinguni muda mrefu, hushangaa zimeshapita kabla hajafungua stendi.

## Hatua ya 3: Weka makao mawili tu

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi. Kwenye ramani inaonekana unaweza kulala Mkoani, mji wa bandari wa kusini, na kupiga macheo kaskazini. Usijaribu. Barabara hupanda na kushuka vilima, hupita katikati ya vijiji, na alfajiri watu wamo njiani wakienda msikitini.

Makao ya kwanza yawe Chake Chake au Wete, kwa ajili ya katikati ya kisiwa, magofu na magharibi. Ya pili yawe kaskazini, Konde au rasi ya Kigomasha, na huko ulale angalau usiku mitatu. Kuhama kila siku kunakula saa zile zile mbili za mwanga ulizozifuata.

## Hatua ya 4: Pata gari na dereva

Magari mengi ya kukodi Pemba ni ya watu binafsi, na mara nyingi hutolewa pamoja na dereva. Kubali dereva. Utakuwa unatazama mandhari wakati yeye anatazama barabara, na yeye ndiye atakayejua kwamba njia fulani imekatika tangu mvua ya juzi. Ukitaka kuendesha mwenyewe, tunaendesha kushoto, na mgeni wa nje anahitaji kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar pamoja na leseni yake. Mwenye gari hukishughulikia, ila kidai mkononi kabla ya kuondoka, maana vizuizi vya polisi vipo. Pikipiki ni rahisi na inapita kila mahali, lakini ukiwa na mkoba wa kamera, stendi na mvua ya vuli, sikushauri.

Kubalianeni mapema juu ya mambo manne: nani analipia mafuta, kwamba mtaondoka saa 11 alfajiri, chakula cha dereva, na saa ya mwisho ya kurudi. Mafuta jazeni mjini kabla ya kwenda kaskazini. Giza likishaingia nendeni polepole sana, kwani baiskeli na magari ya ng'ombe hayana taa.

Safari ikiangukia Ramadhani, kumbuka kwamba machweo yako ndiyo futari ya dereva. Usimweke pwani na njaa yake kwa ajili ya picha yako. Beba tende na maji umkaribishe, au akushushe akafuturu na watu kijiji cha karibu kisha akurudie. Siku nyingine pia mwachie nafasi ya kusali magharibi, na Ijumaa msipange njia ndefu kati ya saa 6 na saa 8 mchana.

## Hatua ya 5: Panga vituo kwa maji na mwanga

Chora jedwali la safu tatu: siku, saa ya maji, mahali. Mahali pawe safu ya mwisho.

Kaskazini: Ngezi, Vumawimbi, Verani na Kigomasha. Ukiwa na nguvu ya sehemu moja tu, iwe hii. Njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa, wenye mpapindi, mti wa jamii ya mnazi usioota kwa asili penginepo isipokuwa Pemba. Lipa ada ofisini mlangoni na uchukue mwongozaji wa hapo. Piga picha msituni kukiwa na mawingu, au mara baada ya mvua: jua kali likipenya majani huleta mabaka meupe na meusi ambayo hakuna kamera inayoyabeba pamoja. Mbele ya msitu rasi ni nyembamba, na hilo ni neema. Vumawimbi inatazama mashariki, Verani inatazama magharibi, na kati yao ni mwendo mfupi, basi macheo na machweo unayapata bila kuhama. Vumawimbi ni pwani ndefu iliyopinda, yenye miti hadi kwenye mchanga. Tarehe 10 au 11 mchanga ulioloa huchukua rangi yote ya mbingu. Anza kwenye pembe ya ghuba, usisimame katikati, ili mpindo wa pwani ukuongozee jicho ndani ya picha. Nchani mwa rasi upo mnara wa taa wa chuma. Ukimkuta mlinzi, omba kupanda; juu utaona msitu, mashamba na bahari pande zote mbili.

Mashariki: Micheweni, Kiuyu na Kojani. Hapa Pemba ya kijani inakwisha, unaingia maweni: ardhi kavu ya mawe ya matumbawe na vichaka vifupi. Wageni wengi huipita kwa sababu haifanani na Pemba waliyoitarajia. Mimi nasema ipe asubuhi nzima. Kojani ni kisiwa cha wavuvi mashuhuri, wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, mpaka mbali. Unavuka kwa chombo kidogo. Huko ni nyumbani kwa watu, nyumba zimebanana, basi piga hodi kwanza na usitoe kamera mkobani kabla ya kukaribishwa.

Katikati. Siku za maji mafu zitumie hapa. Vilima kati ya Chake na Wete vina mikarafuu, minazi na mabonde ya mpunga, na ukungu mwembamba hulala mabondeni kabla ya saa 1 asubuhi. Kidike wapo popo wa Pemba, ambao duniani wanaishi kisiwa hiki tu. Nenda alasiri, tulia, usiwapigie makofi waruke. Pujini, kusini-mashariki ya Chake, ni magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba. Usikanyage karafuu zilizoanikwa, wala usibebe karafuu kwenye gari kama zawadi ya njiani: biashara yake inasimamiwa na serikali, na vizuizini hutafutwa magendo.

Magharibi. Kisiwa cha Misali hufikiwa kwa boti kutoka Wesha. Ni eneo la hifadhi lenye ada, na kasa hutaga pale, kwa hiyo usiku usiwashe taa wala fleshi pwani. Ras Mkumbuu kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Boti ni rahisi kuliko gari, na mwulize nahodha maji yanaruhusu kushuka saa ngapi.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza jitambulishe

Kijijini kwa mara ya kwanza, muone sheha, kiongozi wa eneo hilo, au mtu mzima wa pale. Salimu: "Asalamu alaykum", na kwa wakubwa "Shikamoo". Eleza unapiga nini na utakuwepo mpaka lini. Dakika hizo kumi zitakufungulia njia za mashambani ambazo ramani haina, na zitamfanya mtu aje kukuambia gari lako limeanza kuzama mchangani.

Mandhari yenye watu ni picha za watu pia. Kina mama walioko pwani wamejifunga nguo za kazi, wameloa. Wengi hawataki kuonekana hivyo. Uliza, na akisema hapana, shukuru ugeuze lenzi. Bandari, uwanja wa ndege, kambi na polisi usipige kabisa.

## Hatua ya 7: Ukifika pwani

1. Fika dakika 45 kabla ya macheo au machweo.
2. Muulize mvuvi wa kwanza unayemwona: "Maji yanaingia au yanatoka?" Jibu lake liamini kuliko simu.
3. Amua njia ya kurudi kabla hujaenda mbali.
4. Usikanyage mchanga ulio mbele ya lenzi. Kosa hili huharibu picha nyingi kuliko kosa lolote la kamera.
5. Weka jambo la karibu kwenye picha: jiwe, mzizi wa mkoko, kamba ya ngalawa. Bahari na mbingu peke yake ni mistari miwili.
6. Ukitumia polaraiza na lenzi pana, izungushe kidogo tu. Ikizidi, mbingu huwa na doa jeusi upande mmoja.
7. Futa lenzi kila baada ya picha chache, kisha ikuze picha kwenye kioo uitazame.
8. Usiku huo huo osha miguu ya stendi kwa maji baridi na unakili picha mahali pa pili.

## Hatua ya 8: Siku za Unguja, kama zipo

Siku mbili zinatosha kwa mwanzo. Bamvua ikiwepo, kuanzia saa 3 asubuhi uwe Paje au Jambiani kwenye mashamba ya mwani, kwa ruhusa ya wenyewe. Machweo nenda Michamvi Kae: iko upande wa mashariki ya kisiwa lakini inatazama magharibi, kuvuka ghuba ya Chwaka. Maji yakiwa yamejaa, Mtende huko kusini, pwani ndogo kati ya majabali. Jozani ina njia ya mbao ndani ya mikoko.

## Mambo yakikwama

Mbingu imefunga siku nzima. Ingia msituni au kwenye mikoko. Mwanga mlaini ndio unaofaa huko.

Picha zina utando kama ukungu. Ni chumvi kwenye lenzi. Ipulize kwanza mchanga utoke, ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukifuta kavu utaikwaruza.

Rangi ya bahari imetoka kijivu. Jua bado liko chini au liko mbele yako. Rangi ya feruzi inataka jua la juu, nyuma yako, kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 mchana.

Gari limezama mchangani. Acha kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa matairi, chimba mbele yake, tandika makuti makavu, ombeni watu wasukume. Kama maji yanaingia, ita watu kwanza kabla ya kuchimba.

Maji yamekuzunguka. Kwenye pwani zenye fungu na mkondo, maji hurudi kwanza nyuma yako, kwenye mkondo, wakati mbele bado ni pakavu. Ukiona mkondo uliouvuka kwa vifundo sasa unafika magotini, ondoka hapo hapo, kamera juu ya kichwa, bila picha ya mwisho. Kama maji ya mkondo yameshapita kiuno, usivuke peke yako. Panda sehemu ya juu ya fungu uite chombo.

Kamera imeanguka kwenye maji ya chumvi. Izime na utoe betri na kadi papo hapo. Ifute kwa kitambaa kilicholoa maji baridi, iache wazi kivulini penye upepo, na usiiwashe kuijaribu. Kadi ioshe, ikaushe vizuri. Picha mara nyingi hubaki salama. Kamera yenyewe mpelekee fundi kabla chumvi haijala nyaya.